Mzee akisema "not too bad", wewe muuguzi umesikia nini?

MAMA mzee wa miaka 82 huko Uingereza anapomwambia muuguzi, "I had a funny turn this morning", hasimulii kichekesho. Anasema kwamba asubuhi alishikwa na jambo la ghafla: labda kizunguzungu, labda nguvu zilimwishia, labda ulimi ulikuwa mzito kwa dakika chache kisha ukarudia hali yake. Daktari akiyasikia maneno hayo hufikiria upesi moyo unaopiga ovyo, sukari iliyoshuka, ama kiharusi kidogo, kile kinachopita chenyewe lakini ambacho huweza kufuatwa na kikubwa siku chache baadaye. Muuguzi aliyelitafsiri neno "funny" jinsi alivyofunzwa katika shule ya msingi atatabasamu, atatandika kitanda, na kwenda zake.

Nimeanza na mfano huu kwa sababu siku hizi ni vigumu kutembea kutoka steji ya matatu hadi sokoni, iwe ni Thika au Ruiru, bila kupita bango la kozi ya kuwahudumia wazee au darasa la Kiingereza cha mtihani wa kwenda ng'ambo. Wanaoingia madarasa hayo si watu wasiosoma. Ni wauguzi waliofuzu KMTC Thika na Chuo Kikuu cha Mount Kenya, ni matabibu, ni vijana waliomaliza kidato cha nne wakiwa na alama nzuri. Wanaponijia kutaka barua ya mapendekezo huniuliza, "Daktari, nisome kitabu gani?" Vitabu vipo, na baadhi yavyo ni vizuri. Shida ni kwamba kinachowaangusha wengi hakimo kitabuni.

Msomaji, huenda wewe si muuguzi. Huenda ni mzazi unayelipa karo ya kozi hizo, au una mama mzee nyumbani anayetunzwa na msichana wa kazi. Soma tu, maana sehemu kubwa ya somo hili inamhusu mzee wa Kiandutu au Githurai sawasawa na yule wa Leeds.

Hebu tukumbuke lililotokea. Mnamo Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia sahihi mkataba wa kuwaruhusu wahudumu wetu wa afya kwenda kufanya kazi huko. Baadaye aliyekuwa Waziri wa Afya, Bw Mutahi Kagwe, akafichua kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, ni 10 tu waliofaulu. Watu walicheka sana. Iliulizwa inawezekanaje mtu aliyefunzwa kwa Kiingereza tangu darasa la nne, akasomea uuguzi kwa Kiingereza na kuandika ripoti za wadi kwa Kiingereza, aanguke Kiingereza.

Mimi sioni ajabu. Baraza la Wauguzi na Wakunga la Uingereza, NMC, linataka alama 7 kati ya 9 katika kusikiliza, kusoma na kuzungumza katika mtihani wa IELTS wa kitaaluma, na 6.5 katika kuandika. Alama 7 si mchezo hata kidogo. Halafu tazama muuguzi wetu anavyoishi na lugha. Ugonjwa aliusoma kwa Kiingereza. Mgonjwa humhoji kwa Kiswahili. Na mgonjwa mwenyewe, ikiwa ni shosho aliyeletwa Hospitali ya Thika Level 5 kutoka Gatundu, hujibu kwa Kikuyu. Kiingereza cha muuguzi huyu kimepita darasani, kwenye faili na katika mkutano wa madaktari, lakini hakijawahi kutoka kinywani mwa mtu wa miaka 80 anayeona haya kusema kwamba amejikojolea. Hapo ndipo penye pengo.

Maneno yaliyofichwa na haya

Kila jamii huwa na maneno ya kufunika mambo ya mwili, na wazee ndio wanaoyatumia zaidi. Mswahili huenda haja, hujisaidia, huenda msalani. Mzee wa Uingereza naye husema anataka "to spend a penny", maneno yaliyobaki tangu enzi ambapo vyoo vya umma nchini mwake vililipiwa senti moja ya huko. Akisema ana shida na "waterworks" hazungumzii idara ya maji, ni mkojo. "My bowels haven't moved" maana yake amefunga choo. "Back passage" si ujia wa nyuma ya nyumba bali ni njia ya haja kubwa, na "down below" ni sehemu za siri. "I feel poorly" haihusiani na umaskini. Ni kwamba anaumwa.

Wakenya nasi tuna yetu, na hapa muuguzi wetu huteleza bila kujua. Mwulize mama wa Kiingereza kama angependa kwenda "for a short call" naye atadhani unamletea simu aongee kidogo. Maneno hayo, pamoja na "long call", yanaeleweka vizuri sana kuanzia Mombasa hadi Busia, lakini Heathrow hayavuki. Sema "Would you like to go to the toilet?" na yatosha. Mzee aliyesubiri kueleweka hadi akachelewa hujaribu kuinuka peke yake, na wazee wengi huanguka wakielekea chooni.

Kuna kundi jingine la maneno, nalo ndilo la hatari zaidi: yale ya kupunguza maumivu. Muulize mzee wa huko hali yake naye atasema, "Not too bad", au "Mustn't grumble", yaani haifai kulalamika. Mfupa wa nyonga umevunjika, naye anasema ni "a bit sore". Si uongo, wala si ushujaa. Ndivyo alivyolelewa. Na hebu niambie, yana tofauti gani na ya kwetu? Msalimie guka yeyote wa Ruiru aliyefanya kazi miaka mingi katika mashamba ya kahawa, mwulize anaendeleaje, atajibu "ni kwega". Atasema ni kwega akiwa na homa ya nimonia. Mambo mabaya huyasema akiwa tayari anashika kitasa cha mlango kutoka: "Halafu, daktari, kuna hiki kidonda kidogo..." Madaktari wengi tunakijua kile "kidonda kidogo".

Kwa hiyo muuguzi anayejua desturi za wazee wa kwao tayari ana nusu ya somo la Kiingereza mkononi. Kinachobaki ni kuacha kuuliza "Are you okay?", kwa kuwa swali hilo lina jibu lake ndani. Uliza swali ambalo ndiyo na la haziwezi kulijibu. "Where does it hurt? Can you show me?" "What could you do last week that you can't do today?" Swali hili la pili nalipenda kuliko yote. Mzee asiyetaka kulalamika hata hivyo atakuambia kwamba juzi alikuwa akijipikia chai na leo hawezi kuinua sufuria. Ukishauliza, nyamaza. Mzee huhitaji muda wa kusikia swali, kulipima na kutafuta maneno, na wanafunzi wengi hawaupi ukimya huo nafasi. Wanauziba kwa swali jingine wakidhani ndiyo ufasaha.

Pale Kiswahili kinapoingia ndani ya Kiingereza

Makosa mengi ninayoyakuta katika barua za rufaa yanatokana na lugha zetu wenyewe, ambazo hukata dunia mahali ambapo Kiingereza hakikati. Nitataja yale yanayoweza kumdhuru mgonjwa, si yale ya kumkasirisha mwalimu wa sarufi.

Katika Kiswahili mtu husikia sauti, husikia baridi, husikia maumivu, na husikia harufu. Kikuyu nacho kina "kuigua" kwa kusikia sauti na kusikia maumivu. Basi mhudumu huandika "she is hearing bad at night". Msomaji wa barua ile atadhani mama huyu anasikia mambo yasiyokuwapo, na swali litakalofuata litakuwa la daktari wa akili, kumbe alikuwa na maumivu ya kifua. "To feel" na "to hear" zitenganishwe kabisa.

Mguu wetu ni mmoja kuanzia nyonga hadi ukucha. Kiingereza kina "leg" na kina "foot". Mkono wetu vilevile. Wao wana "arm" na "hand". Kidole kwetu ni kidole, ukipenda utaongeza kwamba ni cha mguu. Kwa mgonjwa wa kisukari mwenye kidonda, "wound on the leg" na "wound on the foot" ni habari mbili tofauti kwa daktari anayeamua kama mgonjwa aonwe leo au wiki ijayo. Kidonda cha kisukari kwenye wayo hakingoji.

Kisha kuna "yeye". Lugha zetu haziulizi kama ni mwanamume au mwanamke, na ulimi uliochoka mwishoni mwa zamu ya usiku huchanganya "he" na "she" bila habari. Katika mazungumzo watu watacheka na kupita. Katika barua, mahali "Mrs" anapogeuka "he" kwenye mstari wa tatu, anayesoma huanza kushuku kwamba karatasi mbili za wagonjwa wawili zimechanganyika, na ana haki.

Mkenya akitoka chumbani akikusudia kurudi husema "nakuja". Akiwa Uingereza husema "I'm coming", huku amempa mgonjwa mgongo anaondoka. Mzee mwenye maradhi ya kusahau, yaani dimenshia, ameambiwa mtu anakuja na anamwona akienda. Mchanganyiko alionao unaongezeka. Sema "I'll be back in five minutes", na urudi kwa hizo dakika tano.

Jihadhari pia na "refused". Kwetu gari hukataa kuwaka na mlango hukataa kufunguka, kwa hiyo tunaandika upesi upesi kwamba mgonjwa "refused medication". Katika faili la huko neno hilo lina uzito wa kisheria: mtu mwenye akili timamu ameelezwa na amekataa kwa hiari yake. Ikiwa tembe ilimkwama kooni, andika hivyo: "was unable to swallow the tablet". Huenda ndiyo dalili ya kwanza ya kiharusi, nayo imezikwa ndani ya neno moja.

Na saa, ndugu msomaji! Saa mbili asubuhi ya Kiswahili ni 8:00 ya Kiingereza. Hata waliosoma sana, wakiwa wamechoka, husikia "saa mbili" na kuandika 2:00. Ni saa sita za tofauti. Kwa vitamini hakuna neno. Kwa insulini ni jambo la kulazwa hospitali. Ushauri wangu ni kwamba muuguzi azoee saa ya tarakimu nne, 08:00 na 20:00, tangu akiwa hapa Thika, na anapomwelekeza mgonjwa wa kwetu asiitaje saa peke yake bali aifunge na jambo: baada ya chai ya asubuhi, kabla ya kulala.

Sikio la mzee

Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya asilimia 25 ya watu waliovuka miaka 60 wana upungufu wa kusikia unaowatatiza maishani. Uzee huanza kwa kuziiba sauti nyembamba, zile za "s", "f", "t", "sh" na "th". Mzee anasikia kwamba unazungumza lakini hapati unachosema, ndiyo sababu hukasirika ukimpigia kelele; kelele haizirudishi zile herufi, huongeza tu mngurumo. Kaa mbele yake, uso wako uwe penye mwanga, shusha sauti badala ya kuipandisha, na useme polepole kidogo. Zima televisheni. Kama ana kifaa cha kusikia, hakikisha kimevaliwa na betri iko hai. Angalia pia kama sikio limejaa nta, maana wapo walioitwa wasahaulifu miezi kadhaa kumbe ni nta tu.

Tuongeze hapo lafudhi. Sisi tuliolelewa katika Kikuyu tunajua ulimi wetu unavyoyumba kati ya "l" na "r", hata "collect" ikawa "correct". Lafudhi si aibu, na wasahihishaji wa mitihani hii hawakuondolei alama kwa kuwa na sauti ya Kiafrika. Huondoa pale maana inapopotea. Basi usitumie pesa kujifunza kuongea kama mtangazaji wa London. Tumia muda huo katika maneno yanayobeba hatari. La kwanza ni tarakimu. "Fifteen" na "fifty" hata vijana wenye masikio mazima huzichanganya kwenye simu. Unapotaja kipimo cha dawa sema "fifteen, one five" au "fifty, five zero", na umtake aliyekusikia arudie. Vivyo hivyo "hypo" na "hyper": mmoja ana sukari iliyoshuka na anahitaji kupewa kitu kitamu sasa hivi, mwingine imepanda. Kwenye simu yenye kukatika usiyatumie maneno hayo kabisa. Sema "low sugar" au "high sugar" na utaje kipimo.

Mzee ataitwaje?

Hili ni jambo ambalo adabu yetu nzuri yaweza kutuponza. Hapa Kiambu hakuna mtu mwenye malezi atakayemwita mama wa miaka 80 kwa jina lake la ubatizo. Ni cucu, ni shosho, ni mama fulani. Mgeni anayemwita "Grace" kavukavu ameonyesha hana nyumbani. Sasa mchukue muuguzi huyo huyo, mpeleke Uingereza, naye kwa moyo safi amwite mgonjwa "grandma". Pengine mama yule hakujaliwa mtoto. Pengine alikuwa mwalimu mkuu na hakuna aliyewahi kumwita kitu kingine ila "Mrs" na jina la ukoo. Kinachofaa ni kuanza na jina la heshima, kisha kuuliza siku ya kwanza: "What would you like me to call you?" Jibu liandikwe kwenye faili ili na wa zamu ya usiku alijue.

Kuna na lile la kumsemesha mzee kama mtoto mchanga. "Good girl!" "Are we ready for our bath, sweetie?" Watu hudhani ni upole. Mwaka 2009 Kristine Williams wa Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, pamoja na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wazee wenye dimenshia katika makao ya wazee, wakaonyesha kwamba wazee waliosemeshwa kwa namna ya kitoto walielekea zaidi kukataa kuhudumiwa kuliko waliposemeshwa kama watu wazima. Yaani yule mgonjwa "msumbufu" anayepiga mikono wakati wa kuogeshwa, huenda usumbufu wake ulianzia kinywani mwa mhudumu. Na usidhani ni mambo ya wazungu pekee. Nimewasikia vijana katika wadi zetu wakimwambia mzee aliyesomesha watoto tisa, "Kunywa dawa, kunywa, kijana mzuri." Mzee anageukia ukuta.

Barua ya maneno 180

Tuje kwenye mtihani wenyewe. Mbali na IELTS, NMC tangu Novemba 2017 inakubali OET, mtihani ulioanzia Australia katika miaka ya 1980 mahsusi kwa watu wa afya. Kwa muuguzi hutakiwa daraja B katika kusikiliza, kusoma na kuzungumza, na C+ katika kuandika. Ada yake ni kubwa kuliko ya IELTS, jambo ambalo si dogo kwa mtu wa mshahara wa kaunti unaochelewa. Hata hivyo mimi humpendekezea muuguzi OET. Katika IELTS waweza kuulizwa uandike kuhusu utalii au magari mijini. Katika OET unapewa maelezo ya mgonjwa, dakika 5 za kuyasoma na 40 za kuandika barua ya maneno kati ya 180 na 200. Katika kuzungumza unaigiza mara mbili, wewe ukiwa muuguzi na mtahini akiwa mgonjwa au jamaa yake, na tangu 2018 unapewa alama pia kwa jinsi ulivyomsikiliza na kumfahamisha, si kwa sarufi tu.

Barua ndiyo huwashinda wengi, kwa sababu wameizoea ripoti ya kunakili kila kitu. Linganisha hizi mbili. Ya kwanza: "The patient is an old lady who is confused." Ya pili: "Mrs Brown, 84, normally walks with a frame and knows her family. Since yesterday evening she has been confused, has eaten nothing and has passed very little urine." Ya kwanza inamwambia daktari kwamba huyu ni mzee na wazee husahau, basi asisumbuke. Ya pili inamwambia kwamba mtu huyu jana mchana alikuwa mzima wa akili. Kuchanganyikiwa kwa ghafla kwa mzee si uzee hata siku moja. Ni dalili ya maambukizi ya mkojo au mapafu, dawa mpya aliyoanzishwa, kukosa maji mwilini, mkojo uliozuilika, choo kilichofungwa, au jambo jingine la kutafutwa siku hiyo hiyo. Maneno "normally" na "since yesterday evening" ndiyo yaliyomwokoa, wala si ya Kiingereza kigumu.

Barua kama hiyo ingefaa sana pia kati ya zahanati ya Ruiru na wadi ya Thika. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya zaidi ya milioni 2.7 waliotimiza miaka 60 na kuendelea. England na Wales, katika sensa yao ya 2021, zilikuwa na watu milioni 11.1 wa miaka 65 na zaidi. Wengi wao watahitaji mhudumu, na ndiyo maana macho ya vijana wetu yako huko, lakini hao milioni 2.7 wa kwetu nao hupanda matatu na karatasi ya rufaa iliyoandikwa "elderly, confused, for further management".

Kabla hujalipa

Mzazi, sikiliza hapa. Tangu Julai 22, 2025, Uingereza ilifunga njia ya viza kwa wahudumu wa wazee wasio wauguzi wanaoomba upya wakiwa nje ya nchi hiyo. Wauguzi waliosajiliwa hawakufungiwa. Kwa hiyo anayekutoza leo karo ya kozi ya wiki chache akiahidi kwamba mwanao ataenda Uingereza kuwa mhudumu wa wazee, anakuuzia mlango uliofungwa. Kozi yenyewe yaweza kuwa na manufaa, kwa kuwa wazee wa hapa wanahitaji watu wanaojua kumgeuza mgonjwa kitandani bila kumchubua, lakini lipa ukijua unalipia nini. Ajenti yeyote wa kazi za ng'ambo sharti awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na kuuliza ni bure.

Muuguzi naye akumbuke kwamba matokeo ya mitihani hii hukubaliwa na NMC kwa miaka 2 tu. Kuufanya mapema "kujaribu bahati" huku usajili na karatasi nyingine hazijaanza kushughulikiwa ni kuchoma pesa.

Mazoezi ya Jumamosi

Kwa wanaouliza wafanyeje mazoezi bila kulipa darasa, fanyeni hivi. Jumamosi nenda kwa shosho wako, au wa jirani kama wako ametutoka. Zungumza naye kwa lugha yake, umwulize wiki yake ilikuwaje, amelalaje, amekula nini, ni kazi gani aliyoweza mwezi uliopita na sasa imemshinda. Usiandike chochote mbele yake. Mweleze jinsi ya kunywa dawa zake, kisha umwombe akueleze wewe, kwa maneno yake, atakavyozinywa kesho. Kwa Kiingereza swali hilo husemwa hivi: "Could you tell me how you'll take these tablets, so I know I've explained it properly?" Angalia kwamba lawama, kama ipo, umeibeba wewe wala si yeye.

Ukirudi nyumbani weka saa dakika 40 na umwandikie daktari asiyemjua barua ya maneno 180 kumhusu, bila kutaja jina lake la kweli. Mpe mwenzako wa darasa aisome mara moja, aiweke chini, na akusimulie huyu mgonjwa ni nani na ni kipi kilichobadilika. Akisema "he", irudie. Barua mbili kwa wiki zinatosha. Tatu ni nyingi kwa mtu wa zamu za usiku.